Igowole: Gari Linalia, Nani Anasikiliza?

Kama uko kwenye ndoa, au hata kwenye uchumba tu, lazima unaufahamu ule ukimya wa ndani ya basi. Mmekaa siti za pamoja, mabega yanagusana kila kona, mnagawana karanga na maji ya chupa, lakini maneno hakuna. Siyo kwamba mmegombana. Kuna jambo limekaa katikati yenu kama abiria wa tatu, na kila mmoja anasubiri mwenzake ndiye alishushe.

Juni hii mimi na mume wangu tulipanda na abiria wetu huyo pale stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri na mapema. Safari ilikuwa ya Igowole, wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa, nyumbani kwa wakwe zangu. Jina la abiria: pikapu.

Ni Toyota Hilux ya marehemu baba mkwe. Ya dizeli, ya siku nyingi, nyeupe iliyoshakuwa rangi ya udongo. Mzee alifariki Mei mwaka jana, na tangu mazishi gari limeegeshwa chini ya mparachichi uani. Kikao cha ukoo kilimpendekeza mume wangu, Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo kitu chochote cha mzee kikitaka kuuzwa, saini ni yake.

Sasa wiki moja kabla, shem, mdogo wake mume wangu, alipiga simu. Amepatikana mteja, mtu wa mbao. Amelijaribu gari, akasikia makelele ya chini, akasema difu limekufa, giaboksi nayo inaelekea huko huko. Yuko tayari kulichukua hivyo hivyo, lakini kwa bei ambayo, kwa kweli, hata mimi nisiyejua magari niliona ni ya kununulia matairi na mabati ya bodi. Anataka jibu Jumamosi.

Msimamo wangu ulikuwa wazi: liuzwe. Tuna kiwanja Kibaha, msingi umesimama tangu mwaka juzi, nyasi zimeota hadi kwenye nguzo. Najua hela ya gari siyo yetu, ni ya mirathi. Hofu yangu ilikuwa nyingine. Namjua mume wangu. Niliona kabisa anakwenda kulileta lile gari Dar na kumwaga akiba yetu ya nondo na saruji kwenye spea. Kila nikimuuliza, jibu lake ni moja: "Ngoja kwanza." Miezi kumi na tatu ya ngoja kwanza. Mimi nimesomea mawasiliano chuo kikuu, nina shahada, nimesimamia kurasa za mahusiano za gazeti hili mwaka wa ngapi sijui, lakini ngoja kwanza ya mume wangu ilinishinda kuitafsiri.

Kutoka jasho hadi sweta

Kwa ambaye hajawahi kuipita barabara ile ya kwenda Zambia, nakushauri uipite mchana na ukae dirishani. Ukishaiacha Morogoro, barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Madereva wote wanakuwa wapole ghafla, maana mnyama akigongwa faini yake si mchezo. Swala wapo tu pembeni wanakula majani kama mbuzi wa jirani.

Baadaye unashuka bonde la Ruaha Mbuyuni, joto kali, mibuyu mikubwa, vitunguu vimepangwa barabarani kwenye mifuko myekundu. Halafu ndiyo unaanza Kitonga. Mlima umesimama, ukuta wa mawe mkono mmoja, bonde mkono wa pili. Malori yanapanda kwa gia namba moja, yanaguna. Kuna moja tulilifuata kwa muda mrefu, lilikuwa linavuma sauti nyembamba kama mtu anayelia kwa kujizuia. Mume wangu aligeuza kichwa, akasikiliza, akasema peke yake, "Hilo difu." Ndiyo maneno ya kwanza tangu Morogoro.

Iringa mjini unaiona juu ya kilima, wewe unapita chini Ipogolo. Kutoka hapo ni kama kilomita 80 hadi Mafinga, na hewa inabadilika. Mimi mtoto wa Tanga, mwili wangu haujui baridi. Mafinga nilishuka kununua mahindi ya kuchoma nikarudi ndani mbio kutafuta sweta. Mbele yake unaingia kwenye misitu ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa ya serikali hapa nchini. Misonobari imesimama mistari kama askari wa gwaride. Basi lilituacha Nyololo, tukaiaga lami ya barabara kuu, tukabanana kwenye Noah hadi Igowole.

Igowole siyo mahali utakapoona kwenye kalenda za utalii, na labda ndiyo raha yake. Ni kijimji cha biashara chenye pilikapilika. Mbao zimerundikwa mbele ya maduka, harufu ya msonobari uliopasuliwa leo imetanda, bodaboda wamejifunga mablanketi mabegani. Upande mmoja ukiendelea unakutana na mashamba ya chai, ya tangu enzi za Mwingereza, yamelala kwenye vilima kama zulia lililonyolewa. Upande mwingine, mbali zaidi, kuna Mgololo, kilipojengwa kiwanda cha karatasi miaka ya 1980. Mabondeni watu wanalima vinyungu, bustani za kiangazi kwenye ardhi yenye unyevu, mahindi mabichi na maharage wakati kwingine kumekauka. Asubuhi ukungu unakaa hadi saa nne. Unasikia salamu kabla hujamwona mtu: "Kamwene!" Na wewe unajibu kamwene, kwa heshima, hata kama hujui unamjibu nani.

Mama mkwe alitupokea na moto wa jikoni, viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. "Karibu mwanangu, njoo huku kwenye moto, mtu wa Pwani usije ukanifia." Hakuzungumzia gari. Hakuna aliyezungumzia gari. Lakini nililiona kwenye mwanga wa simu nikienda kunawa, limesimama chini ya mparachichi, majani yamejaa kwenye bodi.

Maswali matatu

Asubuhi mume wangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta amekaa kwenye usukani, mlango wazi, hajawasha. Shem alishamwita fundi, jamaa mmoja wa makamo mwenye gereji yake ya uwazi pale senta, ovaroli limelowa oili hadi halijulikani rangi. Nilitegemea aje na spana. Alikuja na mikono mitupu, akaomba stuli, akakaa.

"Kabla sijafungua nati yoyote nauliza mambo matatu," alisema. "Lilianza lini kulia? Linalia lini? Linanyamaza lini?"

Shem akajibu haraka: "Ni difu, fundi. Yule mteja naye kasema difu."

"Mteja anataka kununua. Mimi nimeuliza lini."

Kimya. Wanaume watatu wakaangaliana. Hapo ndipo sauti ikatoka mlangoni kwa jikoni.

"Lilianza Aprili ya mwaka jana," alisema mama mkwe, anapepeta maharage wala hajainua macho. "Mvua ilikata kidaraja cha huku bondeni. Baba yenu akasema atapita hivyo hivyo. Maji yalifika mlangoni, mimi nikapandisha miguu juu ya siti. Kesho yake tukaenda senta, nikasikia kama ndege yuko chini ya gari. Nikamwambia. Akasema ni spring. Nikamwambia spring hailii kama ndege."

Yaani mwanamke huyu alikaa siti ya kushoto ya lile gari miaka yote, na katika mikutano yote ya simu kati ya Dar na Igowole, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Mimi nikiwa wa kwanza. Nilidhani yeye ataongea mambo ya kumbukumbu na machozi, kumbe yeye ndiye alikuwa na tarehe.

Fundi alisimama. "Mama," alisema kwa adabu, "umenipunguzia kazi ya nusu siku."

Kuwinda sauti

Walifagia majani, wakajaza upepo matairi, betri ikaazimwa kwa jirani. Gari likawaka. Shem alikuwa na kawaida ya kuliwasha kila Jumapili na kulizungusha uani kwa kuazima betri hiyo hiyo, na fundi baadaye alisema uvivu wa Jumapili ungetugharimu sana.

Mume wangu akaendesha. Fundi akakaa kushoto, mimi akaniweka siti ya nyuma, vioo vyote chini. "Dada, wewe huna upande kwenye kesi hii," alisema. "Kazi yako ni kuniambia tu sauti imebadilika au haijabadilika."

Kwanza gari limesimama, akaamuru mafuta yakanyagwe. Injini ikanguruma, lakini yule ndege hakulia. "Basi siyo injini." Klachi ikakanyagwa na kuachiwa, gia ikiwa huru. Hakuna kitu. Akanieleza kwamba beringi ya mbele ya giaboksi ikichoka, inavuma klachi ikiachiwa na inanyamaza klachi ikikanyagwa. Ya klachi yenyewe ni kinyume chake, inalia ukikanyaga. Hapa vyote vilikuwa kimya. Mashtaka ya giaboksi yakaanza kupungua uzito.

Tukatoka. Hapo nikamsikia. Kwi, kwi, kwi, taratibu kama kifaranga, na kadiri mwendo ulivyoongezeka ndivyo naye alivyoharakisha. Mume wangu alipoachia mafuta na kukanyaga tena, kuna kitu kikagonga chini, ngo! Tulipofika kwenye ngema, fundi akaomba tupite karibu na ukuta wa udongo. Ujanja wake ni kwamba sauti inapiga ukutani na kukurudia dirishani, unaisikia vizuri zaidi kuliko ukiwa uwanda.

Kwenye kipande kilichonyooka na tambarare, hakuna gari mbele wala nyuma, akasema tia huru, acha litembee lenyewe. Ndege akaendelea kulia. "Umeona? Injini imepumzika, yeye halali. Anafuata magurudumu, siyo injini." Akanionya hapo hapo, na mimi nakuonya wewe: jaribio hilo ni la tambarare na mwendo mdogo. Ukilifanya kwenye mteremko kama Kitonga unabaki na breki peke yake, na breki zikipata moto utajuta.

Akamwambia mume wangu ayumbishe usukani kidogo, kushoto, kulia. Beringi ya gurudumu mbovu huwa inavuma zaidi uzito ukiegemea upande wake: ukikata kulia inayolemewa ni ya kushoto. "Imebadilika, dada?" Haikubadilika. Difu nalo, akasema, huwa linavuma, haligongi kama ndege. Mlio wake ni mrefu, na mara nyingi unabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia. Nikakumbuka lile lori la Kitonga.

Tukarudi nyumbani. Fundi akaziba matairi ya mbele kwa mawe, nyuma na mbele ya kila tairi, akainua nyuma kwa jeki na kuweka magogo mazito chini yake, maana jeki peke yake haiaminiki. Gia huru, hendibreki imeachiwa. Akalala chini, akashika propela, ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu. Kwenye viungio vyake kuna vyuma vyenye umbo la msalaba, mafundi wanaviita krosi. Akashika upande huu na upande ule wa krosi, akapindua mikono kinyume.

"Njoo uone, dada."

Nikaingia chini na gauni langu. Kiungio kilicheza kama jino bovu. Kwenye vikombe vyake vidogo kulikuwa na unga mwekundu, kama pilipili ya kusaga. Ni kutu. Ndani ya vile vikombe kuna visindano vya chuma vinavyozunguka kwenye grisi. Maji ya bonde yaliingia, grisi ikatoka, hakuna aliyeweka nyingine, visindano vikakauka na kusagana. Huyo ndiye ndege. Ule mlio wa ngo ni ule mchezo wa kiungio kila nguvu inapobadilika upande.

Halafu akafungua nati ya difu. Oili iliyotoka ilifanana kabisa na kikombe alichonipa mama mkwe jana usiku: chai ya maziwa. Maji yalishapita pia huku. Akaichunguza sumaku ya kwenye nati. Ilikuwa na ujiuji mweusi laini, wa kawaida. Hakukuta vipande. "Difu halijafa," alisema. "Ila lilikuwa linakufa. Na huyo mteja angelipakia mbao hivi hivi, lingemfia njiani na angesema mnaona, niliwaambia."

Ngoja kwanza

Fundi aliondoka na bodaboda kufuata krosi mbili na oili Mafinga. Tukabaki mimi na mume wangu chini ya gari, yeye anasugua kutu kwa brashi ya waya, mimi nimeshika tochi ya simu. Ubaridi wa udongo unapanda mgongoni. Sijui kwa nini hatukutoka.

"Alinipigia," alisema.

Sikuuliza nani.

"Aprili, mwishoni. Akasema, gari linalia mwanangu, njoo ulisikilize, wewe ndiye unayelijua." Utotoni mume wangu alikuwa utingo wa baba yake, likizo zote, juu ya magunia. "Nikamwambia ngoja kwanza, baba. Wikiendi ile siwezi. Nitakuja mwisho wa mwezi unaofuata."

Brashi ikaendelea kusugua mahali palepale palipokuwa pameshasafika.

Mwisho wa mwezi unaofuata tulikuja wote, kuzika. Presha.

Nikahesabu. Wapenzi wasomaji, mimi ni mtu wa kalenda, kazi yangu ni tarehe za mwisho. Ile wikiendi ambayo hakuweza, alikuwa Zanzibar. Na mimi. Ilikuwa kumbukumbu ya ndoa yetu, nilishalipia hoteli, nilisema kabisa kwamba mwaka huu sitaki kusikia habari ya dharura ya mtu yeyote. Picha za ufukweni bado zipo kwenye simu ile ile iliyokuwa inatumulikia krosi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Uibebe na wewe?"

Nilitaka kusema mengi. Nina msamiati wote, nimewaandikia ninyi makala ngapi kuhusu kufungua moyo. Lakini nilikumbuka fundi na stuli yake. Kwa miezi kumi na tatu mimi nilikuwa yule mteja wa mbao. Nilisikia mlio, nikatoa hukumu hapo hapo: mwanaume mgumu, anataka kula hela ya msingi. Sikuwahi kuuliza ulianza lini.

Kwa hiyo nikauliza. Akaniambia. Tulikaa chini ya lile gari hadi mama mkwe akatuma mtoto kuangalia kama tuko hai.

Jumamosi

Kazi ilichukua siku na kitu. Kabla ya kuishusha propela, fundi alichora alama kwa rangi kwenye kila muungano, ili irudi vilevile ilivyokuwa. Ukiirudisha ovyo, alisema, krosi zitakuwa mpya lakini gari litatetemeka, na utarudi kulaumu spea. Alitoa vile vipete vidogo vinavyoshikilia vikombe, akagonga krosi za zamani taratibu zikatoka, akaingiza mpya, akazijaza grisi. Difu alilimwaga, akaweka oili ya kusuuzia, akalizungusha, akamwaga tena, mara mbili, ndipo akaweka ya kudumu. Gharama yote, oili na ufundi ndani yake, haikufika nauli zetu za kwenda na kurudi. Hakutudanganya lakini. "Beringi za difu zimekunywa maji. Msikilizeni. Siku likianza kuvuma, msilipe mzigo, niiteni."

Mume wangu alilijaribu peke yake. Lilishuka kuelekea bondeni na tukasimama uani kulisikiliza. Ndege hakuwepo. Mama mkwe alitikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha daftari lenye majibu sahihi, akarudi kwenye maharage yake. Mume wangu alichelewa kurudi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemwambia kwamba ni vumbi.

Mteja alikuja saa tano, na hela yake mfukoni. Akaanza wimbo ule ule, difu, giaboksi. Mume wangu akafungua mdomo, kisha akaufunga, akamgeukia mama yake. Kwenye mirathi msimamizi ni msimamizi tu, mali ina wenyewe, na mjane ni wa kwanza kuulizwa hata kama karatasi zina saini ya mtoto.

Mama mkwe alipanda, akakaa siti yake ya kushoto, akamwambia mgeni, "Baba, endesha."

Walizunguka hadi senta na kurudi. Waliposhuka alimwambia neno moja, kwa upole kabisa: "Ulituletea bei ya kelele. Kelele imekwisha. Ukiwa na bei ya gari, karibu tena."

Na mimi niliyesafiri kilomita zaidi ya 600 kuhakikisha gari linauzwa, nilijikuta napiga vigelegele moyoni. Halikuuzwa siku ile. Mama amesema kwanza libebe viazi na mahindi ya watu, shem aendeshe, hesabu iandikwe kwenye daftari lake yeye. Baada ya msimu ndipo atasema kama linabaki au linakwenda. Hakuna aliyethubutu kumwambia ngoja kwanza.

Tulirudi Dar na basi lile lile la mabega kugusana. Kushuka Kitonga mume wangu aliniuliza msingi wa Kibaha nautaka uendelee lini, hasa mwezi gani. Nikamjibu. Nami nikamuuliza mambo mawili matatu ambayo sitayaandika hapa, maana siyo yenu. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tulikuwa hatujamaliza, na vitunguu tulisahau kununua.

Sikio la fundi: ukisikia hivi, anzia hapa

Mlio mwembamba wa kwi-kwi unaoharakisha pamoja na gari, na mgongo wa ngo ukiachia mafuta au ukirudi nyuma: tazama krosi za propela.

Mtetemo wakati wa kuondoka, hasa ukiwa na mzigo, kwa gari lenye propela ya vipande viwili: tazama beringi ya katikati.

Mvumo mrefu unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta: difu. Kagua oili kabla ya kukubali kwamba limekufa.

Mvumo usiojali gia wala mafuta, lakini unabadilika ukikata kona: beringi ya gurudumu.

Tak-tak-tak ukikata usukani hadi mwisho huku ukikanyaga mafuta: viungio vya ekseli za mbele, kwa gari ambalo magurudumu ya mbele yanavuta.

Gari linakaza na kugoma kona baada ya kutoka kwenye tope: huenda umesahau kutoa gia ya magurudumu manne. Kwa pikapu nyingi za zamani, gia hiyo ni ya utelezi, siyo ya lami kavu.

Umevuka maji mengi: usingoje mlio. Weka grisi mpya kwenye krosi na ukague oili ya difu na giaboksi. Ikifanana na chai ya maziwa, mwaga.

Na kabla ya yote, muulize yule anayekaa siti ya kushoto.